Gari Limepambwa, Mbona Linatetemeka?

Zamani mama wa nyumbani alikuwa akipanda gari. Siku hizi analiendesha mwenyewe. Anapeleka watoto shule, anakwenda kazini, jioni anapitia soko la Majengo kuchukua mahitaji ya nyumbani, na Jumamosi anampeleka bibi hospitali. Kwa hiyo habari za gari si za akina baba na mafundi peke yao. Hata hivyo tumeona kwamba gari linapoanza kutoa dalili ya ugonjwa, akina mama wengi hunyamaza. Husema moyoni, "Nitamwambia baba watoto akirudi safari," au, "Fundi amesema ni kawaida." Siku zinapita, dalili inazoeleka, na jambo lililokuwa dogo linakuwa kubwa.

Katika makala haya tumechagua dalili moja tu, nayo ni mtetemo. Hatuzungumzii mtetemo wa gari chakavu lililokwisha bushi zote. Tunazungumzia ule mtetemo unaoanza baada ya gari kufungwa vitu vipya vya kulipamba au kulipa nguvu: rimu kubwa za spoti, matairi mapana, spesa, springi za kulinyanyua, ekzosi ya kuunguruma. Gari lililokuwa tulivu jana, leo linatikisa usukani kama mtu mwenye homa. Fedha imetumika na raha imetoweka. Kumbe pengine hata usalama umetoweka.

NKUHUNGU NA MAGARI YAKE

Tumeliangalia jambo hili Nkuhungu, kata mojawapo ya Jiji la Dodoma. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, lakini ni kuanzia mwaka 2016, Serikali ilipoanza kuhamia kweli kweli, ndipo viwanja vya pembezoni vilipojaa nyumba kwa haraka. Watumishi wengi waliotoka Dar es Salaam walitafuta nyumba za kupanga au viwanja vya kujenga katika kata kama hii, na asubuhi wanakwenda kazini Mji wa Serikali Mtumba, kiasi cha kilomita 17 kutoka katikati ya mji kwa barabara ya Dar es Salaam.

Hivyo gari la familia ya Nkuhungu huishi maisha mawili kwa asubuhi moja. Kwanza linapita njia za mitaani zenye mchanga, mashimo na yale mawimbi madogo madogo ya udongo mgumu ambayo wakati wa kiangazi hutikisa hata meno mdomoni. Kisha linaingia kwenye lami na kutakiwa kwenda sambamba na mabasi na malori yaendayo Morogoro.

Katika magari hayo, Toyota IST ni miongoni mwa yanayopendwa sana. Toleo lake la kwanza lilitengenezwa Japani kati ya mwaka 2002 na 2007. Ni gari dogo, halinywi mafuta mengi, na vipuri vyake vinapatikana kila mahali. Kasoro yake kwa barabara zetu ni kwamba liko chini. Ndiyo maana wenye nalo hulinyanyua na kulifunga rimu kubwa. Wengine hufanya hivyo kwa sababu ya mashimo, wengine kwa sababu ya urembo, na wengi kwa sababu zote mbili. Hatuwalaumu. Gari likipendeza, mwenye nalo hufurahi. Lakini mapambo ya gari si kama mapambo ya sebule. Kitambaa cha kochi kikikaa upande hakimuui mtu.

KISA CHA IST MOJA

Mama mmoja wa Nkuhungu, mtumishi wa Mtumba na mama wa watoto watatu, alipata zawadi kutoka kwa bwana wake. Gari lao lilirudi nyumbani likiwa na rimu mpya za inchi 16 badala ya zile za inchi 14 lililokuja nazo, matairi mapana ya 195/50, spesa za milimita 10 nyuma ya magurudumu ya mbele ili tairi lijitokeze kidogo nje, na vipande vya kunyanyulia vilivyowekwa juu ya shokapu. Majirani walisifu. Watoto walipiga makofi.

Jumatatu yake, kwenye lami, gari lilipofika mwendo wa kilomita 80 kwa saa usukani ulianza kucheza mikononi. Kwenye 90 ulitetemeka vibaya, hata kioo cha kutazamia nyuma kikaonyesha picha zilizochuja. Alipopunguza mwendo, mtetemo ukaisha.

Gari likapelekwa gereji. Wakapima balansi ya magurudumu, bila nafuu. Wakapima tena kwenye mashine nyingine, hali ikabaki ile ile. Wakafanya alaimenti. Kisha wakabadilisha tairodi, kisha boljointi za upande mmoja. Kila mara fundi alisema, "Mama, sasa hili limekwisha," na kila mara usukani ulimjibu vinginevyo kabla hajafika Mtumba. Fedha iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya ada ya mtoto wa pili ikaanza kumegwa kidogo kidogo. Na nyumbani maneno yakaingia. Bwana alihisi kwamba mkewe hathamini zawadi, na mke alihisi kwamba kilio chake hakisikiki. Hapo ndipo unapoona kwamba ubovu wa gari unaweza kuingia hata mezani wakati wa chakula.

Fundi aliyelimaliza tatizo hili ana gereji ndogo chini ya mwarobaini, humo humo Nkuhungu. Alifanya jambo ambalo wengine hawakulifanya: hakushika spana kwanza. Aliuliza maswali.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUNUNUA KIPURI

Daktari mzuri hakupi dawa kabla hujamwambia maumivu yako wapi na huanza saa ngapi. Vivyo hivyo kwa gari. Maswali haya hata wewe unaweza kujiuliza ukiwa nyuma ya usukani.

1. Linatetemeka likiwa limesimama? Kama injini inawaka na gari limesimama nalo linatetemeka, magurudumu hayana hatia, maana hayazunguki. Angalia injini: plagi, koili, au mauntingi, yaani vile viegemeo vya mpira vinavyobeba injini.

2. Linatetemeka kwa mwendo maalumu tu? Mtetemo unaoanza kati ya kilomita 80 na 110 kwa saa, tena ukaja hata ukiondoa mguu kwenye mafuta, mara nyingi ni wa magurudumu: balansi, rimu iliyopinda, tairi lenye kasoro, au gurudumu lisilokaa katikati.

3. Linatetemeka unapokanyaga mafuta tu? Kama gari linatikisika linapopanda kilima au linapoongeza mwendo, kisha linatulia ukiachia mafuta, shuku shafti zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu pamoja na jointi zake.

4. Linatetemeka unapofunga breki tu? Hapo angalia diski za breki. Huenda zimepinda, zimelika bila usawa, au zimefungwa juu ya kutu na uchafu.

5. Unausikia wapi? Ukiusikia zaidi kwenye usukani, anza na magurudumu ya mbele. Ukiusikia zaidi kwenye kiti na sakafu, anza na ya nyuma.

Yule mama alijibu: kwa mwendo maalumu, kwenye usukani, hata akiachia mafuta. Fundi akauliza swali la sita, ambalo ndilo kubwa kuliko yote: "Mama, kabla halijaanza, ni kitu gani kilibadilishwa?"

RUDISHA CHA ZAMANI, KIMOJA KIMOJA

Kanuni ya uchunguzi huu ni nyepesi, nayo haina gharama. Kama gari lilikuwa zima kabla ya kufungwa kitu kipya, mshukiwa wa kwanza ni kile kitu kipya. Usianze kubadilisha vile vya zamani vilivyokuwa vinafanya kazi vizuri. Rudisha cha zamani, kimoja kimoja, na baada ya kila kimoja uende ukalijaribu gari kwenye barabara ile ile, kwa mwendo ule ule. Ukirudisha vitatu kwa pamoja na mtetemo ukaisha, hutajua ni kipi kilichokuwa na kosa.

Kwa bahati nzuri rimu za zamani za IST ile zilikuwa bado stoo, chini ya magunia ya mahindi. Fundi akazifunga, akaacha mengine yote yalivyo isipokuwa spesa, kwa sababu hizo ni sehemu ya ufungaji wa gurudumu. Mama akaendesha mpaka lami na kurudi. Usukani ulitulia tuli. Kwa jaribio hilo la nusu saa ikajulikana kwamba tairodi, boljointi na alaimenti vilisingiziwa.

Kwa hiyo, dada, tunakuomba jambo moja: bwana wako au kijana wako akifunga rimu mpya, zile za zamani zisiuzwe wiki ile ile. Zikae kwanza. Ndizo shahidi wako.

ALICHOKIKUTA FUNDI

Baada ya kujua kwamba kosa liko kwenye magurudumu mapya, fundi aliyachunguza. Alikuta mambo manne. Tutayaeleza moja moja, kwa kuwa ndiyo yanayoyapata magari mengi yaliyofungwa rimu za nje.

La kwanza ni tundu la katikati. Katikati ya kila gurudumu kuna habu, yaani kitovu cha chuma ambacho rimu hufungwa juu yake. Habu ina shingo fupi ya duara, na rimu ya kiwandani ina tundu linaloingia kwenye shingo hiyo barabara, kama kifuniko cha chupa ya chai kinavyoingia mdomoni mwake. Shingo ya IST ina kipenyo cha milimita 54.1. Lakini watengenezaji wa rimu za spoti hutaka rimu moja ienee magari mengi, hivyo hutoboa tundu kubwa, mara nyingi la milimita 73.1. Hapo inabaki nafasi ya karibu milimita 9 na nusu kila upande. Rimu haikalii shingo tena. Inashikwa na nati peke yake. Ikifungwa huku uzito wa gari umeshaielemea, inakaa nje ya katikati kidogo sana, pengine kiasi ambacho jicho halioni. Mashine ya balansi nayo itasema gurudumu ni zima, kwa sababu mashine hulishika gurudumu kwa njia yake, si kwa habu ya gari lako. Ndiyo maana balansi ilipimwa mara mbili bila faida. Dawa yake ni pete za kuziba nafasi hiyo, za plastiki ngumu au za alumini, zenye 73.1 kwa nje na 54.1 kwa ndani. Ni kitu cha bei ndogo ukilinganisha na rimu zenyewe.

La pili ni nati. Nati za rimu za alumini za Toyota kutoka kiwandani huwa na shingo iliyonyooka na washa bapa. Rimu nyingi za spoti huhitaji nati zenye kichwa cha mteremko, kama koni. Za Honda ni za duara kama mpira. Ukifunga nati ya bapa kwenye tundu la koni, inagusa ukingo tu. Leo itakaza, kesho italegea. Katika gurudumu la mbele la kushoto la gari lile, nati moja kati ya nne iliweza kuzungushwa kwa vidole. Tafadhali soma sentensi hiyo mara ya pili. Gari hilo lilikuwa likipeleka watoto watatu shule kila siku.

La tatu ni spesa. Kipande kile cha milimita 10 kinaisukuma rimu nje, lakini stadi, yaani zile skrubu ndefu zinazoshika nati, hazikuongezwa urefu. Nyuzi za stadi za Toyota zimeachana milimita 1.5, hivyo spesa ya milimita 10 inakula karibu mizunguko 7 ya nati. Stadi yenyewe ina unene wa milimita 12, na desturi ya mafundi ni kwamba nati ishike urefu usiopungua unene wa stadi. Hiyo ni mizunguko 8. Zile za gari lile zilishika mizunguko 5. Juu ya hayo, spesa ilimeza sehemu kubwa ya ile shingo ya habu, hata kama pete ingewekwa ingekosa pa kukaa.

La nne ni rimu moja iliyopinda. Tairi la 195/50 lina ukuta mfupi kuliko lile la 175/65 la zamani. Ukuta wa zamani ulikuwa na urefu wa kama milimita 114. Huu mpya una kama milimita 98. Unaonekana upungufu mdogo, lakini shimo la mtaani halihesabu hivyo. Ukuta mfupi hauna mahali pa kubonyea, na kishindo kinakwenda moja kwa moja kwenye rimu. Fundi alilinyanyua gurudumu, akaweka bisibisi karibu na ukingo wake bila kuligusa, akalizungusha polepole. Mahali pamoja ukingo ulisogea na kugusa. Hapo ndipo palipopinda.

KWA NINI JAMBO DOGO LINATIKISA SANA

Huenda msomaji akauliza: milimita moja au gramu chache zinawezaje kulitikisa gari zima? Tufanye hesabu kidogo. Tairi la gari lile kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa huzunguka zaidi ya mara 13 kila sekunde. Uzito wa gramu 30 tu uliozidi upande mmoja wa rimu, sentimita 20 kutoka katikati, kwa mwendo huo huvuta kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 4, na hubadilisha upande mara 13 kwa sekunde. Ni kama mtu anayepiga nyundo bila kupumzika. Tope lililoganda ndani ya rimu baada ya mvua linaweza kuzidi gramu hizo. Kwa hiyo kabla ya kwenda gereji wakati wa masika, osha kwanza rimu kwa ndani. Wapo waliopona kwa ndoo moja ya maji.

Wazee walisema ngoma ikivuma sana hupasuka. Mtetemo hauishii kwenye kukuchosha mikono. Unalegeza nati, unachosha beringi, unakula bushi, na unaliharibu tairi kwa mabaka mabaka.

KULINYANYUA GARI NA MTETEMO WAKE

Tatizo la IST ile halikwisha hapo. Baada ya magurudumu kurekebishwa, mama aligundua mtikisiko mwingine, mdogo, ambao ulikuwa umefichwa na ule mkubwa. Huu ulikuja gari linapopanda likiwa na abiria, na ulipotea alipoachia mafuta.

Sababu yake ilikuwa vile vipande vya kunyanyulia. Katika gari linaloendeshwa na magurudumu ya mbele, nguvu ya injini hufika kwenye magurudumu kwa shafti mbili fupi zenye jointi kila mwisho. Jointi hizo zimetengenezwa kufanya kazi kwa mkunjo wa kiasi fulani. Gari linaponyanyuliwa, injini hupanda pamoja na bodi lakini magurudumu hubaki chini, kwa hiyo shafti zinainama zaidi. Jointi za ndani zinapolazimishwa kuzunguka katika mkunjo mkali huku zikivuta uzito, zinatikisa. Mipira yake ya kuzuia vumbi nayo huchanika mapema, na vumbi la Dodoma likiingia kwenye grisi, jointi haina siku nyingi.

Walipunguza urefu wa vipande vile, kisha wakafanya alaimenti upya, maana gari likipandishwa au likishushwa pembe za magurudumu hubadilika. Mtikisiko ukaisha. Kwa magari yanayovuta kwa nyuma na yenye propela shafti ndefu, kunyanyua au kushusha kwaweza kuleta mtetemo wa namna hiyo hiyo katikati ya gari, chini ya sakafu.

MAPAMBO MENGINE KWA UFUPI

Ekzosi ya spoti. Ikigusa bodi au hanga zake zikiwa ngumu mno, utasikia mvumo katika mzunguko fulani wa injini, hata gari likiwa limesimama. Mwambie fundi aitazame njia yote ya bomba na kutafuta mahali palipong'arishwa kwa kusuguana.

Mauntingi ngumu. Wapenda mashindano hufunga viegemeo vigumu ili injini isicheze. Kwa gari la mashindano ni sawa. Kwa gari la kubeba mtoto mchanga, utetemeshwa kila kwenye taa za barabarani, na hakuna dawa ila kurudisha za mpira laini.

Diski za breki za spoti. Kabla ya kuzifunga, uso wa habu lazima usuguliwe mpaka chuma kionekane. Chembe ya kutu chini ya diski huifanya icheze, na baada ya muda mguu wako utacheza nayo kila ufungapo breki.

Filta ya hewa ya spoti. Ile inayopakwa mafuta, ikizidishwa mafuta hayo, huchafua kipimo cha hewa. Injini inakosa pumzi, inaruka, na gari linatetemeka likiwa limesimama.

Matairi ya mtumba. Angalia namba nne za mwisho ubavuni. Ikiwa imeandikwa 2219, lilitengenezwa wiki ya 22 ya mwaka 2019. Tairi lenye kivimbe au uso uliochomoza mahali pamoja nyuzi zake zimeachana ndani. Hilo halifanyiwi balansi, linatupwa.

MAMA ALIYETANGULIA

Kama bado unafikiri mambo haya si ya wanawake, sikiliza habari hii. Mwezi Agosti mwaka 1888, huko Ujerumani, mama mmoja aitwaye Bertha Benz alitoka nyumbani na wanawe wawili, Eugen na Richard, akaendesha gari alilolibuni mumewe Carl kutoka Mannheim hadi Pforzheim, safari ya kama kilomita 100. Hakumwambia mumewe. Hakuna mtu aliyekuwa amesafiri umbali kama huo kwa gari la namna hiyo. Njiani bomba la mafuta liliziba, akalizibua kwa pini ya kofia yake. Waya ulipohitaji kufunikwa alitumia mkanda wa soksi. Breki za mbao zilipolika alimwomba fundi viatu azipigilie ngozi. Aliporudi alimweleza mumewe yaliyopungua katika gari, naye akayarekebisha. Dereva wa kwanza wa safari ndefu, basi, alikuwa mama mwenye watoto garini, na ndiye aliyemwambia fundi dalili.

UNAYOWEZA KUYAFANYA MWENYEWE

Weka daftari dogo ndani ya gari. Andika tarehe, kitu kilichofungwa, na kilomita zilizosomeka siku hiyo. Mtetemo ukianza, andika mwendo, mahali unapousikia, na kama ulikuwa unakanyaga mafuta, breki, au hukukanyaga kitu. Ukimpa fundi karatasi hiyo umempunguzia nusu ya kazi, na umepunguza nafasi ya kubahatisha kwa fedha yako.

Magurudumu yanapofungwa, simama karibu. Nati zianze kufungwa kwa mkono gurudumu likiwa hewani, nawe uhesabu mizunguko kwa sauti, isipungue 8. Zikazwe kwa mpango wa kuvukana, si kwa kufuatana. Kukaza kwa mwisho kufanyike kwa spana ya kipimo. Kwa magari mengi madogo ya Toyota kipimo ni nyutonimita 103, sawa na kuweka uzito wa kilo 21 kwenye ncha ya spana ya nusu mita. Ile mashine ya upepo inayopiga kelele haijui kiasi; inaweza kulegeza au kukata.

Baada ya kilomita 50 hadi 100 nati zikazwe tena. Kwa mtu aendaye Mtumba na kurudi, hiyo ni siku mbili hivi.

Upepo upimwe asubuhi tairi likiwa baridi, kwa kufuata kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kama saizi ya tairi imebadilishwa, muulize fundi wa matairi kiasi kinachofaa saizi hiyo.

Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, wala usimruhusu mtoto kusogea. Weka stendi, na zuia magurudumu mengine kwa mawe.

SIMAMISHA GARI MARA MOJA

Zipo dalili ambazo hazingoji jioni. Mtetemo ulioanza ghafla na kuongezeka kila kilomita; mlio wa kugonga unaofuata mzunguko wa gurudumu; usukani unaocheza hata kwa mwendo mdogo; au gari linalovuta upande. Pisha barabara, washa taa za hatari, teremsha watoto upande ulio mbali na magari, kisha ushike kila nati kwa mkono. Nati moja ikicheza, safari imekwisha mpaka ikazwe na sababu ijulikane. Gari kama IST lina stadi nne tu kwa kila gurudumu. Ukipoteza moja umepoteza robo ya kile kinacholishika.

KUZUNGUMZA NYUMBANI

Limebaki jambo ambalo halimo katika kitabu cha fundi. Rimu zile zilikuwa zawadi. Ukisema, "Vitu vyako vimeharibu gari," umemjeruhi aliyetaka kukufurahisha, na huenda akazitetea rimu kuliko anavyokutetea wewe. Mama yule alichagua njia nyingine. Alimwomba bwana wake aendeshe mwenyewe, watoto wakiwa nyuma, mpaka mwendo wa 90. Hakusema neno. Waliporudi, bwana mwenyewe ndiye aliyezitoa rimu za zamani stoo.

Nasi twawaambia akina baba watakaolisoma gazeti hili mezani: mke akisema gari linatetemeka, usimwambie amezoea kulalamika. Yeye ndiye alishikaye kila siku.

Kabla ya kununua pambo lolote la gari, kaeni pamoja mjibu maswali matatu. Je, linaendana na vipimo vya gari letu, yaani idadi na umbali wa matundu ya stadi, tundu la katikati na aina ya nati? Je, bima yetu ina habari ya badiliko hili? Na je, fedha hii haina kazi nyingine iliyotangulia? Majibu yakiwa mazuri, fungeni kwa furaha. IST ile bado ina rimu zake za inchi 16. Pete zimewekwa, nati zimebadilishwa, rimu iliyopinda imepata mwenzake mzima, na spesa zimebaki gereji. Inapendeza kama siku ile ya kwanza, na usukani wake sasa unashikika kwa vidole viwili.

Wiki hii, kabla ya safari ya shule, zunguka gari lako na utazame nati zote. Hazizidi dakika tano.